Isale Kwenye Chungu cha Zahoro

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umempa tena mama mdogo kwa huruma zako? Na ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku unalijua, na biashara ya maua inakwenda hivyo hivyo, leo nyama kesho mchicha.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini Zahoro hajafuta kesi ya mdogo wangu Hillary polisi, wakati ulimpelekea jani la isale na akalipokea. Unataka niende nikamwambie aifute. Ningekujibu kwa simu, lakini simu yako anaishika Vicky, na mke atamsikiliza mumewe kabla ya wifi yake. Ndiyo maana barua hii nimempa binamu Ignasi mkononi. Isome mwenyewe mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Naanza mwanzo, maana najua mwanao hakukuanzia huko. Kuna ofisi moja Posta ilitaka vyungu vya masikio ya tembo vya kupanga mapokezi. Hillary alikuwa amewauzia mazulia, akawaambia na maua atawaletea yeye. Akaja kibandani kwetu akanunua miche, lakini udongo akaukataa. Alisema mimi na Zahoro tunauza uchafu kwa bei ya mchele.

Mama, masikio ya tembo ni ndugu wa magimbi yako. Yanapenda unyevu kuliko maua yote ninayouza, ila hayataki kuzama. Mimi nayachanganyia unga wa makumbi ya nazi, samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka imepoteza harufu, mchanga kidogo na vipande vya mkaa. Ukiufinya udongo huo unashikana, ukiugusa kwa kidole unaachia. Hillary yeye alikumbuka magimbi ya pale mferejini nyumbani, yamesimama kwenye tope, akaona tope ndiyo chakula chake. Akaenda bondeni akajaza viroba vya mfinyanzi mweusi, ule unaong'ang'ania viatu. Hakukumbuka kwamba mferejini maji yanapita. Kwenye chungu hayana pa kwenda, na mizizi inaoza.

Ikaoza kweli. Yule mama wa ofisini akaja kibandani kwetu na gari zima la vyungu, majani yamekuwa manjano, anatutukana sisi, kwa sababu Hillary alitaja jina langu ili aaminiwe. Nilikuwa nimekwenda kununua makumbi. Alikuwepo Zahoro. Unamjua kwa jina tu, yule mtu wa Magomeni tunayeshirikiana kibanda, mume wa Sitara, mpole mpaka anakera. Alichofanya ni kupasua chungu kimoja, akamwonyesha yule mama udongo wa Hillary na udongo wetu, akamwambia huu si wetu. Basi. Hakumtukana mtu. Ofisi ikadai chake kwa Hillary na ikamfungia mlango.

Kesho yake mchana Hillary akaja. Nilikuwa nachekecha samadi. Hakunisalimia. Alichukua chepe letu wenyewe, akampiga nalo Zahoro sikioni, kwa ubapa, na Zahoro alikuwa amechuchumaa na mche mkononi. Alipoanguka akampiga begani, kisha akalitupa chepe akaanza kumkanyaga usoni kwa viatu. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata shingo, akanirusha kwenye vyungu. Na watu wa Kariakoo, Mungu awasamehe, nusu yao walikuwa wameshika simu wanarekodi. Taya la Zahoro lilivunjika. Sikio la kushoto halisikii tena mpaka leo, na daktari amesema halitasikia. Ile samadi niliimwaga yote, ilikuwa na damu.

Hayo ndiyo mwanao aliyokufupishia akasema walipishana maneno.

Sasa isale lako. Ulimtuma Ignasi, na Ignasi ni mtu wa kubeba mizigo, si wa kubeba maneno. Alihofia jani litanyauka kwenye basi, akakata kichwa kizima na shina lake, akalifunga fundo kama ulivyomwagiza. Alifika hospitali, akaliweka kitandani kwa Zahoro, akasema mama yake Hillary amekuletea hili, akaondoka kuwahi basi. Zahoro taya limefungwa kwa waya, hawezi kuuliza. Akalipokea kwa mikono miwili kama muungwana yeyote anayeletewa zawadi.

Na unajua alifanya nini nalo? Alilipanda. Mtu wa maua ukimpa shina atafanya nini kingine? Akamwonyesha Sitara kwa vidole alifungue lile fundo kwa sababu linalinyonga jani, halafu alete chungu na ule mchanganyiko wetu wa makumbi. Alipotoka hospitali nikaenda kwao Magomeni kumjulia hali, nikalikuta dirishani limenyooka, analinyunyizia maji kwa kopo. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli.

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu Uchagani isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ni kuomba msamaha, na anayelipokea hawezi kukataa, hata kama ameuliwa mtoto. Zahoro wakati huo alikuwa anaongea kwa meno yaliyofumbwa, polepole. Akaniuliza kama anabanwa na jani ambalo hakuambiwa maana yake. Nikasema sijui. Akafikiri. Akasema anakuheshimu wewe kama mama yake, na kwa heshima hiyo yuko tayari kuifuta kesi, ila kwao mkosaji huja mwenyewe, akatia mguu ndani ya nyumba, akasema kwa mdomo wake. Hillary aje Magomeni, amwambie nimekukosea, basi. Fidia hataki. Akaniomba nimpelekee Hillary maneno hayo, na nilimpelekea siku ile ile, dukani kwake, mbele ya wateja wake.

Mama, nilifurahi. Nilijua kesi imekwisha. Nilimwona ndugu yangu ameponea jela, nikamwona Zahoro amepata haki yake, nikawasha na mshumaa kanisani.

Hillary alikuja kweli, lakini hakwenda Magomeni. Alikuja kibandani Alhamisi, soko limejaa. Zahoro ndiyo kwanza amerudi kazini, kichwa kina bandeji, na isale alikuwa amekuja nalo ili alihamishie chungu kikubwa kwa sababu limechipua. Nilipomwona Hillary nilisimama, nikafuta mikono, nikadhani ameona aibu ya kuingia kwa watu akaamua kuomba radhi hapo hapo. Nikamvutia na kigoda. Akakipiga teke. Akaanza kutangaza kama mtu wa mnada kwamba huyu mswahili amepokea isale la mama yangu, amekula heshima yetu, na bado anataka kunifunga. Akasema kwa mila ameshasamehe, atake asitake, kwa hiyo yeye hana wa kumwomba radhi. Akakiinua kile chungu akakipasua chini, akalikanyaga lile isale lako mpaka likawa uzi. Isale, Mama. Mchaga mzima, mbele za watu.

Kisha akamshika Zahoro taya, hapo hapo palipovunjika, akaliminya, akamwambia afungue mdomo aseme amesamehe. Zahoro alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume.

Najua Hillary amekwambia ameanguka na bodaboda. Hakuanguka. Mkono wake nimeuvunja mimi. Nilishika chepe, lile lile, nikampiga nalo kwenye kigasha, si kwa ubapa, kwa makali. Niliusikia mfupa. Akamwachia Zahoro, akageuka kuniangalia kama hanijui, nami nikampiga tena pale pale. Ningempiga cha tatu, na sikukusudia kukipiga mkononi. Wapagazi walinikamata watatu wakaninyang'anya chepe. Usije ukadhani nilimhurumia.

Hakunishtaki. Anaona haya kusema amepigwa na dada yake, ndiyo maana amekutungia bodaboda. Mimi sina haya hiyo. Ijumaa nilikwenda polisi mwenyewe, nikaandikisha maelezo yote kuanzia kipigo cha kwanza, na la mkono nikalisema. Wameniambia na mimi naweza kushtakiwa. Nikawaambia sawa, Kariakoo wananijua, sina pa kukimbilia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sitamwambia Zahoro afute kesi. Mahakamani nitasimama upande wake, nitamtazama mdogo wangu usoni na nitasema niliyoyaona. Nimembeba mgongoni huyu, Mama, nimemfuta kamasi, unajua ninavyompenda, na ninapoandika haya machozi yananitoka. Lakini usitume jani lingine. Usimtume Ignasi, wala katekista, wala usije mwenyewe na goti hilo. Zahoro bado anamngojea. Nilimuuliza jana, akasema alichokisema hajakibadilisha, mlango uko wazi. Mwanao hana udhuru. Mkono nilimvunja, miguu nilimwachia.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote wa pale kanisani. Nakutumia kilo mbili za mchele na khanga, Ignasi anavyo. Vicky mwambie namsalimu bila kinyongo. Hillary akija huko kujificha, mpe chakula, mtazamie mkono asiulalie, halafu mrudishe kwa basi la asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Hyasinta