Amina Niliyoimeza Asubuhi

Wendell, Corinne,

Maharage yako kwenye friji, yapasheni moto. Corinne, mbwa ameshakula, usimwamini akikulilia. Wendell, gari nimechukua mimi. Panda basi.

Kuhusu asubuhi. Najua nimebwaga kijiko na kuondoka mezani katikati ya sala. Lakini sala gani ile, Wendell? "Ee Mungu, mpe Darlene kazi nzuri, mambo yake yanyooke." Leo, siku ya mahakama? Tulipofilisika madeni mengine yote yalifutwa, ila mkopo wangu wa chuo haufutwi mpaka nimthibitishie hakimu kwamba kwa mgongo huu siwezi tena uuguzi, na kwamba hali yangu haitabadilika. Wakili anasema nitaulizwa kama naona dalili yoyote ya nafuu. Nitajibu hapana, na si uongo, daktari ameshasema. Tangu juzi naifanyia mazoezi hiyo hapana mbele ya kioo. Halafu wewe, na siropu ya chapati kwenye ndevu, unaniombea nafuu, na mimi nusura niitikie.

Corinne, wewe uliyecheka, toa nguo kwenye mashine zisivunde.

~~Wendell, jioni usiombe kabisa. Tule tu.~~

Hapana, omba. Rudia ileile, neno kwa neno. Nitakuwa nimeshaapa kwamba sina tumaini, hakimu atakuwa kwake anakula chakula chake, na mimi nitaitikia amina.

Mama
(na mkeo, ukipenda)