Kinga Yangu Haikukufikisha Miezi Tisa

Mwanangu Asha,

Jana bibi yako alikuita tena. Alikuwa anapepeta mtama uani. "Somo, njoo nikuone," akasema, halafu akashtuka, akauinamia ungo wake. Mimi nikajifanya naosha vyombo. Jina lake ulipewa wewe, na hakukuita vingine ila somo.

Hukumbuki, ulikuwa bado kichanga, siku aliyoniuliza, "Mama Asha, wewe uliwahi kuugua surua?" Nikamwambia niliugua nikiwa darasa la kwanza. Akapiga kigelegele! "Basi somo yangu hana hofu. Mama akishaugua, mtoto huzaliwa na kinga yake." Nilifurahi, mwanangu. Nilijiona nimekupa kitu cha maana, mimi nisiye na kitu.

Ndiyo maana binti wa shangazi yako alipotolewa unyagoni kule Nkowe, hatukusita. Tukapanda bodaboda kutoka Naipingo, wewe kifuani, bibi nyuma akinishika kanga. Kwetu, mtoto aliyerithi jina la mkubwa lazima apakatwe na wanawake wote wa ukoo. Ukapita mikono kwa mikono, unacheka na vijino vyako viwili. Palikuwa na mtoto mmoja ana mafua, macho mekundu. Nani ajali mafua siku ya ngoma? Mama yake naye alikupakata.

Ulikuwa na miezi minane. Ikaanza homa, kikohozi, macho mekundu, vipele, mwisho pumzi ikabana: surua. Hospitali walijitahidi, siwezi kuwasingizia. Ukafa mchana kweupe, wenzetu wodini wanagawiwa chakula.

Siku yako ya sindano ya surua ilipofika nilioga, nikajifunga mbeleko, nikaenda zahanati mgongo mtupu. Usiniulize kwa nini. Nesi akasema, "Mtoto yuko wapi, Mama Asha?" Nikakaa chini palepale.

Alinieleza taratibu. Kinga nilikupa kweli, ukiwa tumboni, ila ya mama huisha kidogo kidogo, na kila mtoto huishiwa kwa wakati wake. "Na tukichoma mapema mno, ile ya mama iliyobaki yaweza kuidhoofisha chanjo. Ndiyo maana tunangoja miezi tisa." Kumbe bibi yako hakusema uongo! Alijua nusu tu, maskini, na mimi hata hiyo nusu sikuwa nayo.

Sasa una mdogo wako, Juma. Ana miezi saba. Msimu wa ngoma umeingia, shangazi yako ametuma mwaliko, nimekataa. Wananiita mwenye maringo. Waseme wachoke! Lakini mlango nimefunga na bado nasikia watoto wa jirani wanakohoa, ukuta wenyewe huu wa udongo. Nikimnyonyesha, hasira zinanipanda: maziwa yapo tele, ila kile alichotoka nacho tumboni kinamwisha, na siwezi kumwongezea hata chembe. Sindano bado. Sina raha, Asha, wala sidanganyi mtu kwamba nitapata.

Nilitaka kukuandikia mengi. Ila sasa hivi bibi yako ameingia na Juma mgongoni, hata hajaketi.

"Mama Asha, hebu mshike huyu. Mwili wa moto."

Naiacha kalamu. Kama huko uliko watoto husikilizwa, mwombee mdogo wako. Mimi nimeshampa nilichokuwa nacho.

Mama yenu