Kicheko cha Kinyozi Wangu

Shoga, ndiyo kwanza tumetoka kwa daktari. Nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Si nilikwambia mume wangu jana alisinzia saluni, mashine iko kichwani kwa mteja? Nikamwita gogo. Gogo! Mbele ya wateja wake!

Kumbe ni ugonjwa. Daktari anasema ubongo wake unashindwa kutenganisha kulala na kuwa macho. Si uvivu. Watampima usingizi, na dawa zipo.

Lakini si hilo linaloniliza.

Daktari kamuuliza, "Ukicheka sana, magoti yanalegea?"

Akainamisha kichwa. "Ndiyo. Mke wangu aliwahi kunichekesha nimembeba mtoto, nusura nimwangushe. Tangu siku ile sicheki mbele yake. Sikutaka ajilaumu."

Mbele yangu, shoga. Hacheki mbele yangu!

Miaka miwili nakulilia wewe kwamba kanichoka, nikianza tu vituko vyangu anainuka anatoka nje.

Nimemuuliza sasa hivi, "Ulikuwa unakwenda wapi?"

Akaniambia, "Nakaa chini kwanza, naegemea ukuta. Halafu nacheka."