Drifti Kabla ya Amina

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Wiki iliyopita walinisimamisha nifunge mkutano kwa maombi. Ungekuwepo wangekusimamisha wewe, kama kawaida, na wale wenye haraka wangeanza kutazama saa zao. Maombi yako yalijulikana kutoka Kasikeu mpaka huku kwetu kwamba hayana njia ya mkato.

Nakumbuka mkutano wa kwanza ulionipeleka, ule wa maoni ya barabara ya shule. Watu wa kaunti walikuja na ramani wakaibandika ukutani mwa kanisa, wakasema mengi, wakaahidi kalvati mbili za kupitisha maji pale yalipokuwa yakikata barabara. Mwenyekiti akakuita ufunge. Wewe ukatoa leso yako ukajitanda vizuri, ukafumba macho na kuanza: "Baba, umemsikia mtumishi wako, huyu mwenye shati la bluu, akisema kalvati ni mbili. Umesikia akisema ni kabla ya mvua. Mpe nguvu." Mwenye shati la bluu alifumbua jicho moja. Mimi nilimwona kwa sababu na mimi nilikuwa nimefumbua langu. Kanisa zima likasema amina, na yeye pia akasema.

Tukiwa njiani kurudi nilikuuliza kwa nini ulimwambia Mungu mambo ambayo alikuwepo akiyasikia. Ulicheka mpaka ukasimama. "Si yeye niliyekuwa namkumbusha," ulisema.

Kalvati zilikuja zote mbili. Nikakuomba basi uombee drifti ya mto wetu, ile simiti ya kuvukia ambayo tumeililia tangu nikiwa shule ya msingi, useme tu kwamba wamekubali. Ulinitazama kwa ukali. "Hawajakubali bado. Mimi simsingizii mtu mbele ya Mungu." Kwa hiyo uliendelea kuhudhuria, mkutano baada ya mkutano, ukiuliza swali lile lile, na jibu lilikuwa "tutaangalia." Hilo hukuliombea hata siku moja.

Kisha ulituacha, na mvua ikawa inanyesha. Gari lililokuwa likikuleta nyumbani kuzikwa lilisimama ng'ambo ya mto likashindwa kuvuka. Kwaya iliimba nyimbo zote inazozijua ikaanza tena upya, na sisi wa nyumbani tukawa upande huu tukikutazama. Maji yalipopungua, vijana wakakubeba mabegani, matope mpaka magotini. Watu walisema ni heshima kubwa. Mimi nilikuwa na hasira, Mwaitu, na sikuificha. Mtu aliyehudhuria mikutano yote hakustahili kungojeshwa na mto ule ule.

Sasa mwaka huu drifti iliingia kwenye mpango, kwa maandishi. Tukashangilia. Lakini kwenye mkutano wa bajeti wa wiki iliyopita, injinia wa kaunti akatuambia pesa hazitoshi kazi zote, na kwamba wanafikiria kusukuma drifti mbele ili kwanza wamalize barabara ya sokoni. Mzee Kioko wa duka la sokoni akaunga mkono. Sikumlaumu, vumbi la pale linaingia mpaka kwenye unga wake. Mimi nikasimama nikasema zahanati iko ng'ambo, na mvua ikinyesha mama mjamzito wa huku hana zahanati. Injinia akaandika kitu, akanitazama kwa upole.

"Hiyo tutaangalia, madam."

Akafunga faili. Mwenyekiti akasema, "Sasa tutafunga na maombi. Wapi binti wa Mama Mwende?"

Nikasimama. Kofia zikavuliwa, vichwa vikainama, na maneno yako yakanijia yote: umemsikia mtumishi wako. Lakini alikuwa amesema nini huyo mtumishi? Miguu ilikuwa imara, nadhani niliirithi kwako.

"Injinia," nikasema, "kabla sijaomba, nisaidie kidogo. Hii drifti nimwambie Mungu ni ya mwaka huu, ama nimwambie tutaangalia?"

Mtu akacheka huko nyuma. Injinia akasema, "Naona tumalize tu." Ndipo rafiki yako Syombua, yule mliyekuwa mkiketi naye kwenye kwaya, akasema akiwa ameketi, "Sisi tunangoja, mwanangu. Hakuna mtu amefunga macho." Na kweli hakuna aliyekuwa amefumba. Hakuna aliyenyanyuka kuondoka pia, maana unajua watu wetu, mkutano haujaisha kama haujafungwa.

Injinia akainamiana na mwenzake wa bajeti, wakanong'ona. Faili ikafunguliwa.

"Mwambie ni ya mwaka huu," akasema. "Soko tutalifanya kwa awamu."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Sema hivyo hivyo."

Nikaomba. Nilitaja drifti, nikataja soko na awamu zake, nikamtaja injinia kwa shati lake, la kijani safari hii. Nikamwombea Mzee Kioko na unga wake, naye akaitikia, ingawa polepole. Amina ya injinia niliisikia vizuri kabisa.

Bajeti bado itapita kwa wajumbe wa kaunti, najua. Lakini sina wasiwasi. Mto wetu utavukika, na gari la kwanza litakalovuka kutoka ng'ambo, pale pale ulipongojeshwa, nitakuwa ndani yake.

Utaniuliza kwa nini nimekuandikia haya yote hadharani, kila mtu asome, na wewe huko uliko uliyasikia. Mwaitu, si wewe ninayekukumbusha.

Lala salama.

Kitindamimba wako,
wa upande huu wa mto