Shimo Nililolijaza Mwenyewe

Jumatatu, 6 Machi
Kampuni imegawa madaftari haya yenye nembo. Kila mtu aandike kazi ya siku, eti ndiyo utaratibu mpya. Basi naandika — ila hakuna atakayeona. Mkono wangu mzito, nimesoma miaka mitatu tu. Lakini hapa ofisini hakuna injinia anayeujua udongo kama mimi. Miaka thelathini na nane nachimba mashimo ya kupimia! Nikiusugua kwa vidole najua utabeba nyumba au utaimeza.

Tulianza watu saba, chumba kimoja juu ya duka la rangi. Sasa tuko tisini na mbili. Vioo kila mahali, hata choo kinafunguliwa kwa kadi. Mkurugenzi anavaa viatu vyenye ncha kama sindano. Na injinia anayenituma ni binti yangu wa mwisho. Niliyemsomesha kwa sururu!

Leo mbele ya wageni kaniambia hapa kazini nimwite Injinia. Halafu akasema, "Baba, tuongezee viti viwili."
Nikaleta viti.

Jumatano, 8 Machi
Saiti mpya. Hospitali inataka wodi ya wazazi, ghorofa tatu. Kompyuta ya binti yangu imechagua sehemu tano za kuchimba: kona nne na katikati. Nikautazama ukuta wa karakana ya jirani. Nikapatambua.

Hapa palikuwa machimbo ya mawe! Shimo la kumeza nyumba mbili zikiwa zimebebana. Na aliyelijaza ni mimi, nikiwa kijana, na genge langu. Matairi, magogo, bodi za magari, kila takataka. Juu tukamwaga udongo mwekundu kimo cha mtu, tukaushindilia siku tisa. Msimamizi alisema hajaona kazi safi namna ile. Kweli ilikuwa safi — mpaka leo inadanganya wasomi.

Shimo langu liko kati ya shimo la katikati na la kona ya karakana. Kompyuta haikuligusa hata kidogo.

Nikamwambia binti yangu, "Kamama, chimba na hapa." Akaniuliza mbele ya vibarua kwa sababu gani, nina data? Vibarua wakaangua kicheko. Mzee Sururu na data!

Basi nikawasimulia vibarua kwamba injinia wao alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Wakacheka zaidi. Yeye akaendelea kuandika, masikio yamemwiva.

Data ninayo. Simpi.

Ijumaa, 10 Machi
Mashimo matano, udongo mzuri yote. Nilijua.

Vioo vyao havizuii sauti. Nimemsikia Mkurugenzi akimuuliza huyu mzee bado yupo kwa nini. Binti yangu kajibu kwamba mzee ni wa kuonyesha wateja, anapendeza kwenye picha, mkataba ukiisha Juni ataenda kupumzika. Wakacheka wote wawili.

Sawa. Wajenge! Mvua ya pili tu ukuta utachanika. Na mwezi wa tano bodi ya mainjinia inamhoji kumpa leseni, kwa mradi huu huu. Nitavaa koti nikaangalie.

Mama watoto kauliza mbona natabasamu peke yangu kama mwizi. Nimemwambia ni jino.

Jumanne, 14 Machi
Ripoti kumi na mbili kwa wiki. Zamani moja tulikaa nayo mwezi mzima. Sasa hakuna anayerudia kusoma, wote mbio mbio. Mimi nakaa. Napendeza kwenye picha.

Alhamisi, 23 Machi
Binti kaja nyumbani. Kaleta ripoti ya wodi, imejalidiwa. Ukurasa wa kwanza — jina langu! Majina yangu yote matatu. Chini yake: Mtaalamu Mwandamizi wa Udongo. Amekagua.

Kasema amegombana nao wiki nzima. Alijua nimesikia; kule kwenye vioo alicheka makusudi. Angenitetea waziwazi ningefukuzwa siku ile ile. Sasa jina likiwa humu, Juni hawanigusi. "Soma kwanza, Baba, ndiyo usaini."

Nikasema mimi udongo ule naujua kuliko karatasi.

Nilijua. Kalamu ikiwa hewani nilijua. Lakini jina limechapwa kwa wino mzito, na mama watoto alishaanza kupiga vigelegele. Nikasaini. Tena nikavuta ule mkia wa mwisho, mrefu.

Nikamwita Injinia. Mara ya kwanza. Akageuka akajifuta macho.

Jumamosi, 1 Aprili
Nimeipeleka ripoti kwa kinyozi. Kaisoma kwa sauti, wateja wote wakasikia. Nikamwambia rudia lile la Mwandamizi. Karudia. Kasema basi mkaza mwanawe atajifungulia mle, maana jengo lina mwenyewe.
Sikukaa kunyolewa.

Jumatatu, 17 Aprili
Misingi imechimbwa, kina cha kifua. Vibarua walipoenda kula nikashuka peke yangu kwenye msingi wa nguzo iliyo upande wa karakana, juu ya shimo langu. Nikagonga nondo ardhini. Mapigo kumi, magumu. La kumi na moja — ikazama yenyewe mpaka mkononi. Nikaivuta. Ncha inanuka mpira.

Nikamfuata binti yangu. Yuko kwenye simu. Nikasema, "Injinia, msingi ule wa karakana..." Akaziba simu, akacheka. "Si umekagua mwenyewe, Mwandamizi? Una wasiwasi na kazi yako?" Vibarua walikuwa wamerudi, wananitazama.

Nikasema, "Wasiwasi? Mimi? Pale chuma!"

Mdomo huu.

Jumatano, 19 Aprili
Saa nne asubuhi. Naandikia kibandani, saiti. Nje kuna malori matatu ya zege, yanazunguka. Mkurugenzi kaja na mpiga picha. Wanataka mtaalamu mwandamizi atoe neno, ndiyo wamwage. Waanzie nguzo ya karakana.

Msimamizi wa saiti amechungulia mara mbili. Dereva anasema zege likikaa zaidi ya saa moja na nusu ni la kutupa. Nimemwambia natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Nikisema, leseni yake imekwenda. Ripoti imekwenda, jina langu pia. Na watauliza: mzee alijua tangu lini? Nisiposema — wodi ya wazazi.

Mlango. Si msimamizi, namjua anavyotembea. Ni binti yangu, ana matope mpaka magotini, alikuwa chini anahesabu nondo. Anasema, "Baba, umeshikwa na nini? Wanakungoja wewe." Amekaa kwenye mfuko wa saruji. Anatazama mkono wangu unavyoandika.

Kulitamka shimo lile siwezi.

Kidole cha mkono wangu wa kushoto kiko kwenye ukurasa wa tarehe nane Machi, penye lile shimo. Amenyoosha mkono. Anasema lete nione, unaandika nini siku zote.

Nje wanapiga honi —