Amani ya Mfalme Imekufa Leo

Husby, Alhamisi

Hasira zimenishika. Mama Rehema, kiongozi wa akina mama katika kanisa letu la Waswahili hapa ugenini, amempa Joeli anwani yangu mpya, kisha akanipigia simu akifurahi. "Mwanangu, mumeo anakuja kukuomba radhi. Mambo ya ndoa tunayamaliza wenyewe, si polisi."

Radhi! Mwaka jana alinivunja taya.

Na amri ya kumkataza asinikaribie imeisha leo. Mwendesha mashtaka anasema uamuzi wa kuiongeza utatoka wiki ijayo. Wiki ijayo, na mimi je...

Mchana niliwafundisha wanafunzi wangu sheria za kale za Uingereza. Aliyepewa amani ya mfalme, yaani ulinzi wake, hakuguswa, maana kumpiga kulikuwa kumkosea mfalme mwenyewe. Lakini mfalme akifa, amani yake ilikufa naye. Mpaka mwingine atawazwe, watu waliumizana wakijua hakuna wa kuwashtaki. Wanafunzi walicheka. Nikacheka nao.

Sasa hivi nimesukuma kabati la nguo hadi mlangoni, jasho likinitoka. Nilipoketi ndipo nikakumbuka kwamba mlango huu unafunguka kuelekea nje.