Msiba wa Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Afya yako inaendeleaje, na magoti je? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na ule mwingine umeupa likizo. Sikujua kama anatania, maana yeye hutia chumvi hata akiulizwa saa. Msalimie sana, yeye na mkewe, na umwambie shangazi kwamba salamu zake zilinifikia. Mimi huku mwili hauna neno. Nakula, nalala, na dari la chumba limeacha kuvuja tangu mwenye nyumba alipochoka kuiona sura yangu mlangoni kwake.

Najua unachokitafuta katika barua hii. Habari ya ufadhili ipo, lakini nakuomba uisome kwa mpangilio wake, usikimbilie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Uliwahi kuniuliza kama kweli wapo watu wanaolipwa kusoma habari za watu waliokufa zamani, nikakujibu kwamba wapo, ila ni wachache, ndiyo maana tunagombania. Ufadhili huu ni wa shahada ya uzamili katika historia na fasihi ya karne ya kumi na sita na ya kumi na saba. Unalipa ada, chumba na chakula, tena unamsafirisha mtu mpaka ng'ambo akakae na nyaraka zenyewe, azishike kwa mikono yake badala ya kukodolea macho picha kwenye kompyuta. Nafasi ilikuwa moja. Idara yetu ilipeleka majina mawili, langu na la Miwani. Miwani unamfahamu kwa sauti, ndiye ninayeishi naye chumba kimoja, yule aliyepokea simu yangu siku moja akakuamkia kwa adabu mpaka ukadhani mwanao amebadilika.

Andiko langu la utafiti lilimhusu mjane wa mfanyabiashara wa karatasi wa huko huko ng'ambo. Mwanamke huyu hakuwa mtu maarufu. Aliandika mashairi ya kumwombolezea mumewe kwenye vipande vya karatasi zilizoharibika, zile ambazo mume alishindwa kuziuza, na vipande hivyo vimehifadhiwa mpaka leo. Shairi la kwanza lina tarehe ya Januari 1612. Kumbukumbu za maziko za mji wao zinaonyesha kwamba mume alizikwa Novemba 1612. Hesabu ya haraka ilinipa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema: kwamba mwanamke huyu alimlilia mumewe wakati mume yuko mzima, au yuko kitandani, lakini bado anapumua. Nikalijenga andiko zima juu ya hilo. Nikaeleza kwamba kuomboleza mapema ilikuwa namna ya kupenda, na kwamba fasihi ya wakati ule haijasomwa kwa jicho hilo.

Mwalimu wangu, ambaye wanafunzi tunamwita Mzee Karne kwa sababu hawezi kuomba hata chaki bila kutaja karne, alilisoma akanipigia simu mwenyewe. Alisema andiko la namna hiyo halijapita mezani kwake kwa muda mrefu. Jina langu likaanza kuzunguka idarani. Hata mhudumu wa ofisi, ambaye kwa kawaida hunipokea kama mtu aliyekuja kudai, alinivutia kiti.

Kosa aliliona Miwani. Tulikuwa jikoni, yeye anachemsha mayai na kulisoma andiko langu kwa sababu nilimwomba anitazamie vituo na herufi kubwa. Akarudia ukurasa mmoja mara mbili. Mayai yakachemka mpaka maji yakakauka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kama nilikuwa nimekumbuka kwamba katika nchi ile, wakati ule, mwaka ulikuwa hauanzi Januari.

Nikueleze, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipovunjika. Watu wale walikuwa wakiubadilisha mwaka mwishoni mwa Machi. Januari kwao haikuwa mwezi wa kwanza, ilikuwa karibu na mwisho. Kwa hiyo Januari 1612 yao ilikuja baada ya Novemba 1612, haikuja kabla. Mume alikufa kwanza, akazikwa, na miezi miwili baadaye mke akaandika shairi. Alifanya kama wafanyavyo wafiwa wote.

Jambo hili tulifundishwa mwaka wa pili. Mimi mwenyewe nimelieleza mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikawachorea ubaoni. Nilimwambia Miwani kwamba ananionea wivu na kwamba anataka kuniondoa njiani. Aliosha sufuria. Nilipokwenda maktaba kuhakikisha, nikakuta kila kitabu kinamuunga mkono yeye. Nikarudi nikamwomba msamaha, akasema yaishe, ila mayai nimlipe. Kumbuka, Mama, kwamba angefunga tu mdomo wake angeingia kwenye usaili akiwa na kosa langu mfukoni, na nafasi ilikuwa moja.

Nilikwenda kwa Mzee Karne. Kwanza alicheka, kisha akaona aibu, kwa kuwa naye lilimpita. Akazungusha kalamu. Mwishowe alinishauri niende kwenye usaili nizungumzie lugha ya mashairi, ambayo ni nzuri kweli, na nisiguse tarehe kama hakuna atakayeiuliza. Alisema andiko la kuombea ufadhili si kitabu, kila mtu hulirekebisha akishaanza masomo, na wasaili wenyewe hawakuona chochote. Sikumuona kama mtu mbaya. Aliutaka ufadhili ule kwa ajili yangu kuliko baadhi ya ndugu zetu. Nikamshukuru nikaondoka nikiwa nimeamua kufuata ushauri wake, sikufichi.

Usaili ulifanyika katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya juu, chenye meza ndefu na pazia lililochomoka ndoano upande mmoja. Miwani alibaki kwenye benchi nje akisubiri zamu yake. Ndani walikuwapo watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye mafua, aliyezungukwa na karatasi za kufutia pua. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka ofisi ya wafadhili, ambaye kazi yake ilionekana kuwa ni kutikisa kichwa, na mwalimu wa fasihi kutoka chuo kingine. Waliniuliza kuhusu lugha ya mashairi, nikajibu vizuri. Nilijisikia nikijibu vizuri. Kisha mwenyekiti akasema kwamba, kusema kweli, kilichowagusa ni ile tarehe. Alisema naye ni mjane, na kwamba alipolisoma andiko langu aliliweka chini akatoka nje kidogo.

Kama angenisifia maelezo yangu ya lugha ningenyamaza. Lakini yule mama alikuwa ameupokea msiba ambao haukuwapo. Nikawaambia tarehe si sahihi, nikawaeleza habari ya Machi. Mwalimu wa fasihi alijipiga paji la uso. Bwana wa ofisi akatikisa kichwa, kwa mazoea nadhani. Mwenyekiti hakukasirika. Aliniuliza nani aliyeligundua kosa, nikasema ni mwenzangu aliyeko nje kwenye benchi. Akaniuliza tena, kama mtu anayetaka kujua kwa faida yake: mwanafunzi anayelijua jambo hili tangu mwaka wa pili, ambaye amelifundisha, alitaka nini kwa mjane yule hata asilione? Nilimjibu. Jibu nililompa ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu, na nitalifikia.

Ufadhili amepewa Miwani. Matokeo yalibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya idara, na aliyeniambia ni mhudumu yule yule, aliyekuwa amesharudi kwenye tabia yake. Niliumia, Mama. Sitajifanya jasiri. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi za nyuma za maktaba nikalia mpaka kwikwi ikanishika, na Miwani akaja akakaa pembeni yangu. Anastahili. Andiko lake linahusu wachapaji vitabu wanawake na kila tarehe yake iko mahali pake. Tunanunua naye masweta, maana huko aendako anaambiwa baridi haina adabu. Mimi nimeongezewa saa za kazi maktaba, na Mzee Karne anasema mwakani mlango utafunguliwa tena. Najua umeshawatangazia wateja wako wote kwamba mwanao anaondoka. Wewe waambie safari imeahirishwa, si uongo.

Sasa lile jibu.

Nilimwambia mwenyekiti kwamba baba yangu alipokuwa mgonjwa, nilirudi nyumbani likizo. Mchana mmoja Baba aliniomba maji, nikapita kwenye chumba chako cha kushonea kwenda jikoni, nikakukuta umesimama mbele ya kioo unajipima kiuno kwa futi. Mezani palikuwa na kitambaa cheusi kimeshakatwa. Mkono mmoja wa gauni ulikuwa tayari kwenye cherehani. Hukuniona. Nilichota maji nikayapeleka, cherehani ikaanza kulia, na Baba akaniuliza mbona unashona saa ile, nikamwambia una kazi ya mteja. Akasema vizuri, mteja asisubirishwe. Baada ya wiki chache alitutoka, ukalivaa. Lilikukaa sawasawa. Shangazi alisimama karibu nami akasifia jinsi lilivyokukaa, nami nikatamani kulichana.

Nilikuchukia, Mama. Nilidhani umemchoka, umeshamhesabu miongoni mwa wafu ilhali yeye yuko chumba cha pili anaulizia wateja wako. Sikukuuliza. Nilirudi chuoni, nikapiga simu kila Jumapili, tukazungumza habari za magoti na mvua.

Kisha nikakutana na mjane wa karatasi, na ile Januari yake, na sikutaka kuhesabu vizuri. Nilitaka awepo mwanamke mmoja tu duniani aliyemlilia mume wake kabla hajafa, na iwe ni kwa sababu ya mapenzi, ili nikusamehe bila kukuuliza. Kurasa zote zile nilizoandika kuhusu kuomboleza mapema kama namna ya kupenda, zilikuwa ni za kukutetea wewe mbele yangu mwenyewe. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba yeye hakushona chochote mapema, na siku ya maziko alivaa gauni la kuazima lililokuwa likimdondoka mabegani, na kwamba hajui ni lipi lenye mapenzi zaidi. Kisha akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yuko. Akaniuliza basi kwa nini nimekwenda kumuuliza marehemu wa karne ya kumi na saba.

Usaili ukaishia hapo.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Gauni lile, kwa nini ulilishona wakati ule? Nakuja chuo kikifunga. Usimtume Kaka anipigie kunieleza kwa niaba yako, na usinitafutie maneno mazuri. Kama ulijua kwamba siku ya msiba mikono yako isingeweza kushika sindano, niambie. Kama ulikuwa umechoka, niambie umechoka. Mimi nitabaki kuwa mwanao kwa jibu lolote, ila hili la kutojua siliwezi tena.

Wape salamu wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Miwani anakuamkia.

Nakupenda, Mama. Sikumbuki kama niliwahi kuliandika neno hili.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako